Nauli ya Timu ya Jego

Leo nazungumzia nauli ya timu, zile pesa za kuwatoa vijana shuleni, kuwafikisha uwanjani, kuwalisha na kuwarudisha salama kwa wazazi wao. Habari za michezo hutupa mabao na majina ya wafungaji. Nauli haitajwi, na mara nyingi ndiyo inayoamua nani atacheza na nani hatacheza.

Hoja yangu naisema mapema ili twende pamoja. Anayechora ramani ya mashindano, akasema shule hii icheze na ile, chuo hiki kiingie ligi hii na kile kitoke, anagawa fedha. Akiichora ramani hiyo bila kuhesabu umbali, wadogo watatoka mchezoni hata kama hakuna aliyewafukuza.

Tuanze nyumbani. Mtu akitoka Jego, huku mpakani Kwale, kwenda Mombasa hupitia Lunga Lunga, akashika barabara kuu, akapita Msambweni, Ukunda na Tiwi hadi Likoni kwenye feri, au siku hizi akazungukia Dongo Kundu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Sasa mpe mtu huyo vijana 18, walimu wawili, mfuko wa mipira, jezi na sufuria za kupikia. Hiyo ndiyo timu yetu ikiwa safarini.

Mashindano ya shule za sekondari nchini yanasimamiwa na chama cha KSSSA, nayo yana ngazi zake. Timu huanza zoni, ikishinda hupanda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, kisha taifa, na mwisho Afrika Mashariki chini ya shirikisho la FEASSA. Kanda yetu ya Pwani ina kaunti sita: Kwale, Mombasa, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Wenyeji wa mwaka huu wakiwa jirani, tunashukuru. Wakiwa upande wa pili wa Pwani, basi letu litavuka kaunti mbili au tatu kabla vijana hawajafunga kamba za daluga.

Tazama sasa uzito wa ngazi hizo. Timu inayotolewa zoni hurudi nyumbani jioni ile ile na gharama yake imeishia hapo. Timu inayoshinda ndiyo inayoanza kuchangisha. Inahitaji basi tena, chakula tena, mahali pa kulala tena, na siku nyingine za walimu kuwa nje ya darasa. Kwa shule yenye uwezo, ushindi ni sherehe. Kwa shule ndogo, ushindi ni ankara, na mwalimu wa michezo anaanza kupiga simu kwa wafadhili kabla jasho la wachezaji halijakauka. Nawaheshimu sana walimu hawa. Kuna wengi Pwani hii wanaotoa mfukoni mwao, na hesabu zao hazisomwi katika mkutano wowote.

Tupige hesabu kidogo. Katika mpango wa elimu ya kutwa bila malipo, serikali iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Ndani yake fungu la shughuli, yaani michezo, muziki, maigizo na mengineyo, lilipangiwa shilingi 1,500. Kwa kuwa pesa zinafuata idadi ya wanafunzi, shule yenye wanafunzi 1,500 inapata, kwenye karatasi, shilingi 2,250,000. Shule yenye wanafunzi 150 inapata shilingi 225,000.

Mwenye basi hahesabu wanafunzi waliobaki darasani. Tuseme safari moja ya kukodi ni shilingi 30,000. Kwa shule kubwa hiyo ni sawa na shilingi 20 kwa kila mwanafunzi. Kwa shule ndogo ni shilingi 200. Mchezo ni ule ule, barabara ni ile ile, na timu ya voliboli ina wachezaji sita uwanjani pande zote mbili. Lakini mdogo amelipa mara kumi. Tena hapo tumedhani pesa zote zimefika. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kuwa serikali haiwezi kutoa hizo 22,244, na kwamba uwezo uliopo ni kama shilingi 16,900 kwa mwanafunzi. Karibu robo imepungua. Mwalimu mkuu anapokata, hakati chaki, hakati unga wa jikoni. Anakata safari.

Msikilizaji, huenda ukadhani jambo hili ni la ufukara wetu, na kwamba wenye pesa wameshalimaliza. Hebu twende Marekani, kwenye michezo tajiri kuliko yote ya vyuo vikuu duniani, tuone.

Kule vyuo hujipanga katika ligi. Kwa miaka mingi ligi hizo zilifuata jiografia, kwa maana jirani alicheza na jirani. Ligi iliyojulikana kama Pac-12 ilianzishwa mwaka 1915 na vyuo vya pwani ya magharibi. Ikadumu zaidi ya karne. Kisha runinga ikaja na hesabu yake. Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuhamia Big Ten, ligi ya vyuo vya katikati na kaskazini mwa nchi. Miezi miwili baadaye Big Ten ikatangaza mkataba wa runinga wa zaidi ya dola bilioni 7. Mwaka 2023 Oregon na Washington wakafuata njia hiyo hiyo. Arizona, Arizona State, Utah na Colorado wakaenda Big 12. Stanford na California wakajiunga na ACC, ligi iliyobeba jina la bahari ya Atlantiki, ilhali wao wanaishi kando ya Pasifiki. Ilipofika 2024, Pac-12 ilikuwa imebaki na vyuo viwili, Oregon State na Washington State.

Kilichohamisha vyuo hivyo ni mpira wa miguu wa Kimarekani, ambao ndio wenye watazamaji na matangazo. Lakini alipohama mchezaji wa mpira huo, alihama pia msichana wa voliboli, kijana wa kuogelea na mkimbiaji wa nyika. Big Ten sasa ina vyuo 18, kutoka Los Angeles mpaka New Jersey. Huo ni umbali wa karibu kilomita 4,000, kama kuruka kutoka Mombasa mpaka Kairo. Binti wa voliboli, ambaye mchezo wake haukuwa chanzo cha mkataba ule, anapanda ndege kwenda kucheza upande wa pili wa bara, kisha anarudi kufanya mtihani. Michezo isiyoingiza pesa imebebeshwa nauli ya ule unaoingiza.

Na hivi ni vyuo vikubwa. Vidogo je? Washington State ilipoachwa, pamoja na mwenzake ilianza kuijenga upya ligi yao. Walitafuta wenzao kwa nani? Kwa ligi iliyo chini yao, Mountain West. Mwaka 2024 wakachukua Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State na Utah State. Aliyenyang'anywa na mkubwa akaenda kuchukua kwa mdogo. Ndivyo mabadiliko haya yanavyoshuka, ngazi kwa ngazi, hadi yamfikie asiye na mtu wa chini yake.

Hapa jambo linatugusa sisi Wakenya. Washington State ndiyo shule ya Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi pale, Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Alifariki Februari 2024 hapa Kenya. Ndiyo shule ya Samson Kimobwa, aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Ndiyo shule ya Julius Korir, bingwa wa Olimpiki wa kuruka viunzi na maji mwaka 1984 huko Los Angeles. Juni 2025 shule hiyo ilitangaza kwamba inapunguza riadha yake. Michezo ya kurusha na kuruka imeondolewa, mbio fupi na za viunzi zimepunguzwa, na mkazo umebaki kwenye mbio za masafa. Vijana wa tufe, mkuki na miruko wakaambiwa watafute pengine.

Mwezi huo huo, tarehe 6, mahakama ilipitisha makubaliano ya kesi iliyoitwa House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Wanamichezo wa zamani nao walipwe fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa muda wa miaka kumi. Naunga mkono mwanamichezo kulipwa jasho lake. Ameingizia wengine mabilioni na yeye akarudi kwao mikono mitupu, hiyo haikuwa haki. Ila fidia ile inakatwa pia kwenye mgao wa vyuo vidogo, ambavyo havikuwahi kuona mabilioni ya runinga. Deni lilifanywa na wakubwa, malipo yamegawiwa kwa wote.

Machi 2025 timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha Saint Francis, Pennsylvania, ilishinda mashindano ya ligi yake ikafika mashindano makuu ya kitaifa. Siku chache baada ya kutolewa, chuo kikatangaza kushuka kutoka daraja la kwanza la michezo ya vyuo hadi la tatu, kwa sababu mazingira ya daraja la kwanza yamebadilika na hayawezekani tena kwa chuo kidogo. Hartford, chuo kingine kidogo, kilishachukua uamuzi kama huo mwaka 2021. Na msikilizaji, lishike hili: daraja la tatu halitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Mlango ukifungwa pale, umefungwa pia kwa kijana wa Kenya anayetafuta chuo kwa miguu yake.

Tusiseme vyuo vidogo havina maana kwetu. Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988 akiwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki katika mji mdogo wa Emmitsburg, Maryland. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alisoma Eastern New Mexico, chuo ambacho wengi hata hawajui kiko wapi. Kocha wa chuo kidogo, mwenye bajeti ndogo, alimpa Mkenya kitanda, kitabu na uwanja. Ukiua vyuo vya namna hiyo, umekata ngazi ambayo watu wetu waliipanda.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu ramani inachorwa upya hapa pia.

Mwaka 2017 ligi kuu ya kandanda ya Kenya ilivutana juu ya kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. SuperSport, waliokuwa wanalipia haki za matangazo, wakajiondoa. Wakubwa walibishana juu ya idadi, na klabu zisizo na kampuni nyuma yao ndizo zilizobaki kutafuta nauli ya kwenda ugenini. Na hapa Kwale, kampuni ya madini ya Base Titanium ilimaliza uchimbaji mwishoni mwa 2024. Kampuni ile ililipia vijana wengi karo, na kuondoka kwake kumetufundisha kuwa anayetegemea mfadhili mmoja ajiandae siku mfadhili atakapofunga lango.

Na tangu Januari 2026 tuna wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 katika sekondari ya juu. Mikondo ni mitatu, na mmoja ni sanaa na sayansi ya michezo. Ni jambo jema, kwani mchezo sasa ni somo la kumpa mtu maisha. Lakini shule zimepangwa katika makundi, C1 hadi C4. Wazazi wanakimbilia C1 yenye viwanja, maabara na mabasi, huku shule ya kutwa ya kijijini iliyo C4 ikihesabu madawati matupu. Mwanafunzi akihama anahama na shilingi zake 1,500. Akiwa mchezaji mzuri, amehama pia na timu. Shule kubwa inapata vyote viwili. Huo ndio uhamaji tuliouona Marekani, umevaa sare ya shule.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shule kubwa hazina kosa kwa kuwa kubwa, na waandaaji wa mashindano hawana pesa za kumwaga. Mchezaji bora naye anahitaji ushindani bora. Wasichana wa Kaya Tiwi wamefika mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu na kuitangaza Kwale, nasi tunajivunia. Sitaki Kaya Tiwi washushwe. Nataka binti wa Vanga, huku mpakani, mwenye urefu na mkono kama wao afike mahali pa kuonekana, na asizuiwe na kilomita 80 zaidi za lami.

Ndiyo maana nina mapendekezo matatu.

La kwanza, umbali uhesabiwe. Mashindano ya mwanzo yapangwe kwa kuangalia barabara na gharama, na uenyeji uzunguke. Kama kaunti inacheza Ukunda mwaka huu, mwakani icheze Lunga Lunga, na mwaka wa tatu Kinango. Kandanda, voliboli na netiboli zichezwe siku zile zile mahali pale pale, basi moja libebe timu tatu. Shule ya mbali isipande basi mara tatu kwa kazi ya safari moja.

La pili, nauli iwe ya pamoja. Kila shule ichangie kwa kadiri ya idadi ya wanafunzi wake katika mfuko mmoja wa safari wa kaunti, na shule itoe kwenye mfuko huo kwa kadiri ya umbali wake. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Basi kaunti ya Kwale iongeze fungu lake humo. Basari inamlipia mtoto aketi darasani. Fungu hili litamlipia afike uwanjani, ambapo kipaji chake kitaonekana.

La tatu, na hili nalisema kama mtu wa mpakani, tutazame kusini. Kutoka Horohoro, kituo cha mpakani upande wa Tanzania, hadi Tanga ni kama kilomita 70. Tanga iko karibu nasi kuliko Mombasa. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, lugha ni moja, harusi na mazishi tunahudhuriana. Lakini kwa ngazi rasmi, ili timu ya Jego ikutane na timu ya Tanga, ni lazima kwanza ishinde Kwale, ishinde Pwani, ifuzu katika ngazi ya taifa, kisha iende kwenye mashindano ya Afrika Mashariki. Mwaka 2025 yalifanyika Kakamega, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Wenzetu wa Tanzania wana mfumo wao, UMISSETA, unaowapandisha ngazi vivyo hivyo kwa upande wao. Hakuna haja ya kuvunja mfumo wowote. Tunahitaji ligi ya jirani, ya mwisho wa wiki, kati ya shule za Lunga Lunga na za wilaya ya Mkinga, yenye barua za ruhusa zilizoandaliwa mapema na idara za elimu na za uhamiaji za pande zote mbili. Vijana watapata mechi nyingi kwa nauli ndogo. Wakifika ngazi ya kaunti watakuwa wameiva.

Najua kuna atakayesema michezo ni anasa wakati madarasa hayatoshi. Namjibu kwa heshima: hao watoto unaotaka wakae darasani, wengine wao hubaki shuleni kwa sababu kuna timu. Mwalimu yeyote wa pembe hii atakwambia nani hakosi siku ya mazoezi. Siku timu inapofutwa, jina lake linaanza kukosekana kwenye rejista, na utamkuta kwenye bodaboda au baharini.

Wenye mabilioni kule Marekani waliacha runinga iwachoree ramani, na leo wanahesabu timu zilizofutwa. Sisi hatuna mabilioni ya kutudanganya, kwa hiyo tunaweza kuichora yetu kwa akili. Kaunti itakapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nenda. Usiulize tu kama kuna uwanja utakaojengwa. Simama uulize: katika makadirio haya, nauli ya timu za shule za mbali iko ukurasa gani, na ni shilingi ngapi? Katika mkutano wa wazazi, iulize bodi ya shule swali hilo hilo. Na kama jibu ni kwamba haimo, omba iandikwe, kisha rudi kikao kinachofuata uone kama imeandikwa.